Piga Mia Mbili

Isangi, 6 Novemba 1999

Kwa wenye vitabu vya Kurasa za Makiso, Kisangani,

Hamnijui. Jina langu ni Philomène, nafundisha darasa la nne hapa Isangi. Jana asubuhi nilinunua mikate sokoni, na mama muuzaji akanifungia katika ukurasa wa kitabu chenu. Mikate ilikuwa imelala. Ukurasa ndio ulionishibisha.

Ni ukurasa wa 14. Kijana amerudi kwao baada ya miaka saba. Mtu anabisha hodi, mama yake anamwambia, "Usifungue, huyo si wa kufunguliwa," naye kijana ameshashika komeo. Hapo mafuta yameingia, na karatasi imekwisha. Nilirudi sokoni mbio kutafuta ukurasa wa 15. Yule mama akaniambia umekwenda na mikate ya watu wengine, akacheka: "Mwalimu, sasa unakulaka makaratasi?"

Chini kabisa niliona maandishi madogo: Kurasa za Makiso, nyuma ya soko, Kisangani. Sikujua kwamba kuna mtu anayechapa hadithi mjini kwetu, kwa lugha tunayogombana nayo kila siku. Tafadhali niambieni, nyuma ya mlango yuko nani? Barua hii anaileta mdogo wangu Faustin, anayeteremsha samaki wa moshi kwenu kila baada ya wiki mbili. Shule ilimshinda, hasomi hata maandishi ya kwenye gunia, lakini mzigo wa mtu haupotezi.

Philomène

*

Makiso, 20 Novemba 1999

Mama Philomène,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, kisha nikamwita binti yangu Fortunée nikamsomea yeye. Miaka minne nachapa vitabu na hiyo ndiyo barua ya kwanza kutoka kwa msomaji ambaye si ndugu yangu.

Kurasa za Makiso ni mimi. Ni mtu wa Butembo, niliingia Kisangani na biashara ya madaftari na kalamu, na bado ndiyo inayotulisha. Nyuma ya duka nina mashine ya roneo niliyoinunua katika shule iliyofungwa. Jumamosi mchana naizungusha kwa mkono, Fortunée anashona kurasa kwa uzi, na majalada tunayakata katika makartoni ya sabuni. Maduka hayavitaki. Wananiambia kitabu ni cha shule au ni cha padri, hiki chako cha nani? Mwaka jana mchuuzi mmoja alichukua nakala thelathini akasema anakwenda kuziuza mtoni. Kumbe aliziuza kwa kilo! Nilimlaani. Sasa naona itabidi nimwombe radhi.

Nyuma ya mlango yuko nani, sikwambii. Nampa Faustin kitabu kizima. Usikifungie mikate.

Ezéchiel

*

Isangi, 19 Desemba 1999

Papa Ezéchiel,

Upepo! Zaidi ya wiki mbili sikulala vizuri, kumbe nyuma ya mlango ni upepo! Nilikitupa kitabu, nikakiokota, nikakisoma tena, ndipo nikaelewa kwamba mama yule alijua tangu mwanzo, na alichoogopa ni mwanawe kutazama njia. Nikalia kama mjinga.

Nimekisoma darasani. Watoto wakakisimulia majumbani, na wazazi wakaja kukiazima. Katekista amekaa nacho siku tano akidai anakagua kama kina dhambi. Sokoni wanawake wameniomba nisome kwa sauti wakati wa kungoja mitumbwi, na sasa kila mtu Isangi anabisha milango ya wenzake na kukimbia.

Nisamehe kwa ninalofanya sasa. Katika mzigo huu kuna kurasa arobaini nilizoziandika mwenyewe, kwa madaftari ya shule. Zinamhusu mama yangu, Mama Georgette, aliyeuza samaki kwa mtumbwi miaka arobaini kati ya Yanonge na hapa, na hajui kuogelea mpaka leo. Nilipomsomea alisema nimemwongezea maneno. Kisha akaniuliza kwa nini nimemsahau yule mwanamke aliyemwibia kasia. Nimeziita "Mama Hajui Kuogelea". Kiswahili changu ni cha Kisangani cha utotoni, ukikuta kimepinda kinyooshe.

Faustin amezivalisha nailoni na kuziweka ndani ya shati, kifuani. Vizuizi vya askari mtoni vimekuwa vitatu, na kila mahali wanamwaga magunia.

Philomène

*

Makiso, 9 Aprili 2000

Mama Philomène,

Samahani kwa kuchelewa. Wino ulikosekana, kisha stensili za kuchapia, kisha mimi mwenyewe niliugua malaria. Lakini kurasa zako tulizisoma siku ileile zilipofika. Nilipofika pale mama yako anapouza samaki katikati ya mto, akiwa amemshika mnunuzi mkono ili asizame, Fortunée alijichoma kidole kwa sindano. Kitabu hiki nitakichapa. Nasema wazi, ndicho nilichoinunulia mashine.

Katika mzigo huu kuna nakala moja ya majaribio. Soma, sahihisha. Na hapa kwangu kuna sheria moja, usiivunje. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa kitabu cha mzee Apollinaire kabla hajamaliza kukifikiria, na alininunia mpaka siku yake ya mwisho. Tangu hapo mwandishi lazima aandike kwa mkono wake, chini ya ukurasa wa mwisho, neno moja: PIGA. Kisha idadi, kisha sahihi. Bila neno hilo mashine haizunguki, hata mwandishi awe askofu. Karatasi niliyo nayo inatosha nakala mia.

Mjini si kuzuri. Majeshi mawili ya wageni yaliyokuja pamoja sasa yanatazamana kama wake wenza. Tunafungua duka tukiwa na sikio barabarani.

Ezéchiel

*

Isangi, 31 Mei 2000

Papa Ezéchiel,

Nimesahihisha. Makosa yalikuwa sita, matano yangu na moja lako, ukitaka kulibisha njoo. Padri amenipa rimu mbili za karatasi, Faustin anazo, kwa hiyo nimebadilisha idadi. Nimeandika kama ulivyoagiza: PIGA MIA MBILI, USINGOJE. Hilo la mwisho ni langu, maana miezi hii kungoja kumetuchosha.

Chini yake nimeongeza mstari mmoja wa kuwekwa mwanzoni mwa kitabu. Siuandiki hapa, na Faustin sikumsomea. Nataka ausikie siku nitakayomfungulia kitabu mbele ya mama. Ataona haya na kutoka nje, namjua.

Ukurasa na barua hii viko ndani ya shati lake.

Philomène

*

Makiso, 29 Juni 2000

Mama Philomène,

Tuko hai, mimi na Fortunée. Habari zitakuwa zimekufikia. Siku sita majeshi yale mawili yalipigania mji usio wa yeyote kati yao, na mabomu yalipita juu ya mapaa tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Tulilala chini ya meza ya mashine. Watu wamezikwa katika viwanja vya nyumba zao, kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Jirani yangu alimzika mke wake pale alipokuwa akianika nguo.

Kuhusu Faustin. Faustin hakufika kwangu. Zaidi ya hapo sina la kuandika.

Ezéchiel

*

Isangi, 16 Julai 2000

Papa Ezéchiel,

Pole kwa yaliyowapata. Tumewaombea kanisani kwa majina.

Wenzake Faustin wamerudi. Wanasema walishuka pamoja bandarini Ijumaa tarehe 2 Juni, askari wakawapekua, wao wakaachiwa, yeye akabakizwa. Walingoja mpaka Jumapili, wakaogopa, wakaondoka. Siwalaumu.

Nakuomba umtafute. Ni mrefu, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alilipata kwa ndoana akiwa mdogo. Anapenda kuimba akibeba mzigo, na anaimba vibaya. Uliza hospitali, uliza misheni, uliza watu wa Msalaba Mwekundu. Mama yangu hali chakula vizuri wala halii. Kwetu hatuwezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa, na hatuwezi kucheka pia. Ndivyo tulivyo, tumekaa tu.

Kuhusu kitabu usihangaike. Ukurasa wenye neno lako umepotea pamoja naye. Akirudi nitaandika mwingine.

Philomène

*

Makiso, 30 Septemba 2000

Mama Philomène,

Nimemtafuta, sikumpata.

Hilaire, mwenye baleinière, ile boti kubwa ya mbao, anakuletea magunia mawili. Ni kitabu chako, nakala mia mbili. Nimevunja sheria yangu mwenyewe, nimechapa bila neno lako, kwa sababu sijui kama nitakuwa na mashine mwezi ujao. Karatasi nimechana madaftari ya dukani, ndiyo maana kurasa zina mistari. Usinilipe chochote.

Ezéchiel

*

Isangi, 15 Oktoba 2000

Papa Ezéchiel,

Magunia yamefika. Nitakwambia kwanza mazuri, kwa sababu ni ya kweli.

Kitabu ni kizuri. Ile mistari ya daftari inapita chini ya maneno kama maji, mtu angedhani ulikusudia. Nilimpa mama nakala ya kwanza. Alikishika juu chini, akakinusa, akaniuliza jina lake liko wapi, nikamwekea kidole chake juu yake. Wanawake wa soko wamechukua sitini siku moja. Wasiojua kusoma wamechukua vilevile, wanasema watoto watajifunza. Mama wa mikate alikuja kuapa mbele ya watu kwamba hiki hatakifungia kitu. Sijawahi kuona watu wakikifurahia kitabu namna hii, na mimi katikati yao nilikuwa nimekufa ganzi.

Kwa sababu nilifungua ukurasa wa mwanzo. Umeandika: "Kwa Faustin, aliyebeba maneno yangu bila kuyasoma."

Mstari huo niliuandika mara moja tu, chini ya PIGA, tarehe 31 Mei. Hata mama sikumwambia. Ulikuwa kwenye karatasi moja, ndani ya shati moja. Na hiyo mia mbili umeitoa wapi? Wewe ulisema mia.

Uliniandikia kwamba Faustin hakufika kwako. Basi maneno aliyoyabeba yalifikaje?

Usinifanye nibishe hodi mara mbili.

Philomène

*

Makiso, 2 Novemba 2000

Mama Philomène,

Leo ni siku ya marehemu wote. Nimetoka kanisani bila kukomunika.

Jumamosi tarehe 3 Juni, mchana, askari wawili waliingia dukani na mkalimani. Mmoja alikuwa na ukurasa wako mkononi. Aliuliza: "Ezéchiel iko wapi?" Karatasi aliishika mbele ya macho yangu, nikaisoma yote, mpaka mstari wa chini. Mkalimani akasema: "Hii 'piga mia mbili, usingoje' ni kusema nini? Ni watu gani wanataka kupiga? Mwenye kubeba hii tuko naye pale port, anasema ni kitabu."

Mashine ilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne. Stensili za kitabu chako zilikuwa zimening'inia kwenye kamba. Ningevuta pazia tu, wangeona. Ningeizungusha mara moja, ukurasa ungetoka na wote tungecheka. Nilisema: "Ezéchiel haiko. Alienda Butembo. Mimi naangalia duka tu." Wakauliza kama naijua ile karatasi. Nikasema: "Sijue, chef." Wakaondoka. Mimi nikaanza kupanga kalamu.

Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, na mtu wa kanisa, kueleza kwa utaratibu. Jumatatu mabomu yakaanza. Jumatano jumba walimofungiwa likapigwa. Mwezi wa saba nilimpata mtu mmoja aliyetoka mle akiwa na mkono mmoja. Alisema Faustin alikuwa naye mpaka mwisho, na tangu siku ya kwanza alikuwa akirudia yaleyale: "Ile ni kitabu ya dada yangu. Muulize Papa Ezéchiel, yeye iko na mashine, ataonyesha." Waliokufa mle walizikwa pamoja. Mahali penyewe nimepaona.

Neno lile mimi ndiye niliyekutia mkononi. Halikuhitajika. Ungeniandikia "sawa" ningechapa. Nilipenda jinsi lilivyonifanya nionekane mwenye mamlaka. Na nilipokuandikia kwamba hakufika kwangu, nilichagua maneno hayo kwa uangalifu, kama msahihishaji, yasiwe uongo. Ule mstari wako nisingeweza kuuacha. Niliogopa kuuchapa na niliogopa zaidi kutouchapa.

Siombi msamaha, sijui ninachoomba ni nini.

Ezéchiel

*

Isangi, 14 Novemba 2000

Papa Ezéchiel,

Barua yako sijamsomea mama. Kwetu kifo hakitangazwi kwa karatasi. Anayekijua anakuja mwenyewe, anakaa mbele ya wenye mtu, anasema kwa mdomo wake. Kabla ya hapo hakuna matanga, na mama yangu haruhusiwi kumlilia mtoto wake. Miezi mitano sasa.

Njoo useme. Yote, na lile la Butembo.

Philomène

*

Isangi, 9 Desemba 2000

Mdogo wangu Fortunée,

Hatujaonana, lakini kila kitabu nilichoshika kimepita mikononi mwako, kwa hiyo nakuandikia kama ndugu. Najua unangoja habari za papa yako.

Alifika Jumamosi iliyopita, ameketi juu ya magunia ya chumvi, hana mkoba wala kalamu. Vizuizi vyote vitatu vilimpekua na havikukuta kitu. Tonton wangu mkubwa, kaka yake mama, alimweka kwenye kiti katikati ya uwanja, na sisi sote tukazunguka. Akasema. Alianzia kwenye sheria yake ya PIGA na hakuruka kitu. Alipofika kwenye "Alienda Butembo, mimi naangalia duka tu," vijana wawili walisimama, tonton akawakalisha. Alipomaliza, shangazi zangu walipiga yowe, na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka, sauti niliyokuwa nimeifungia tangu Juni. Matanga yakaanza.

Mama alikuwa hajalia bado. Alimsogelea, akamwuliza jambo moja tu: "Mule ndani, mutoto yangu alikuwa amekula?"

Papa yako hakujua. Hakuwahi kumwuliza yule mtu wa mkono mmoja. Mambo yote aliyoyapima na kuyasahihisha, na hilo halikumpitia akilini. Alisema, "Sijui, mama," na hapo ndipo mama alipolia, na papa yako naye.

Kila kikundi cha waombolezaji kikifika, kutoka Yanonge, kutoka ng'ambo, tonton anamwita asimulie upya tangu mwanzo, kwa kuwa ndivyo inavyopasa. Jana amesimulia mara kumi na moja. Sauti imemkauka, sasa wanamsogelea ili wamsikie. Hajaomba kupumzika hata mara moja.

Sijamsamehe. Nakwambia wewe waziwazi, ili usidhani moyo wangu ni mpana kuliko ulivyo. Siwezi kumtazama akishika kitabu, na vile vilivyobaki nimevifungia kabatini. Labda siku moja. Matanga yakiisha atapanda boti ya Hilaire, na wewe usifungue duka akiwa hayupo.

Lakini kuna jambo mama ameniagiza nikuandikie. Kila mchana yeye mwenyewe ndiye anayempelekea papa yako sahani, na haondoki. Anakaa chini mbele yake, anamwangalia mpaka amalize. Wanawake walimwambia awaachie wao kazi hiyo, amechoka. Alikataa. Alisema, "Watu yake wakiniuliza, mimi niweze kujibu."

Basi nakujibu kwa niaba yake. Leo, Jumamosi, saa saba mchana, papa yako amekula lituma ya ndizi na samaki, akamaliza.

Philomène